Somo kwa Wananchi: Namna ya Kuchagua Mafunzo ya Awali ya Afya ya Akili Yanayogharamiwa

Miongoni mwa taarifa zinazowafikia wananchi wa Unguja na Pemba kupitia Afisi za Masheha, skuli, sehemu za kazi na jumuiya zisizo za kiserikali, zimo taarifa za mafunzo mafupi ya afya ya akili ambayo mshiriki halipi ada. Baadhi ya wananchi hujiandikisha papo hapo kwa kuwa hapana malipo. Wengine hupuuza, kwa kudhani kwamba jambo hilo ni la madaktari na wauguzi peke yao. Pande zote mbili zinahitaji kutafakari zaidi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na msemo huo ni wa kweli shambani. Katika mafunzo ya afya ya akili, hata hivyo, mwenye kushika jembe lisilofaa huweza kumwumiza mtu ambaye tayari anaumwa. Somo hili linaeleza mafunzo ya awali ni yapi, yana aina gani, na mambo gani yazingatiwe kabla ya mwananchi kuandika jina lake.

1. MAFUNZO YA AWALI NI YAPI

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lilieleza afya kuwa ni ukamilifu wa mwili, wa akili na wa maisha ya kijamii, wala si kukosekana kwa maradhi tu. Kwa hesabu za Shirika hilo, mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 duniani, yaani kiasi cha mtu mmoja katika kila wanane, walikuwa wakiishi na maradhi ya akili ya aina moja au nyingine. Yaliyoenea zaidi kuliko yote ni wasiwasi uliokithiri na sonona. Kwa hiyo maradhi ya akili si yale tu ambayo watu wamezoea kuyaona barabarani, bali mengi yamo majumbani, kimya kimya, na mwenye nayo huendelea kwenda kazini na kupika kama kawaida.

Mafunzo ya awali hulenga mambo manne: kutambua dalili, kuzungumza na mtu kwa heshima, kujua mahali pa kumpeleka, na kuondoa dhana potofu. Hayamfanyi mshiriki kuwa mtabibu. Mwenye cheti cha mafunzo hayo hana ruhusa ya kuutaja ugonjwa wa mtu kwa jina, kumpa au kumwachisha dawa, wala kujitangaza kuwa mshauri nasaha. Mfano wake ni wa mtu aliyejifunza huduma ya kwanza ya ajali: hufunga jeraha na kumfikisha majeruhi hospitali, lakini hashoni wala hapasui.

2. KWA NINI UCHAGUZI UNA UZITO

Ichukuliwe mfano wa kijana mvuvi katika shehia moja ya pwani. Miezi mitatu iliyopita alikuwa akienda dago na wenzake. Sasa hatoki. Hulala mchana na kukesha usiku, amepungua mwili, na akiulizwa hujibu kwamba kichwa kinamwuma na ana mawazo mengi. Baba yake anasema amekuwa mvivu. Shangazi anasema amerogwa. Jirani anashauri afungwe kamba kwanza, asije akafanya jambo. Siku moja kijana anamwambia mama yake: "Mimi ningekuwa sipo, nyinyi mngepumzika."

Jirani aliyehudhuria mafunzo mazuri ataisikia kauli hiyo na kuielewa. Atakaa naye faragha, atamsikiliza bila ya kumkemea, kisha atamwuliza waziwazi na kwa upole iwapo anafikiria kujiua. Wapo wanaoogopa kwamba kumwuliza mtu hivyo ni kumtia fikra hiyo kichwani. Tafiti zimeonesha kwamba sivyo. Kumwuliza hakumsukumi kutenda, na mara nyingi humpa nafasi ya kupumua na kuomba msaada. Baada ya hapo jirani huyo hatamwacha peke yake, ataomba vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na atafuatana naye pamoja na mzee wake hadi kituo cha afya.

Jirani aliyehudhuria mafunzo mabaya huweza kufanya kinyume cha hayo yote. Atamwambia kijana ajikaze kiume. Atatangaza barazani kwamba ana ugonjwa fulani, kwa kuwa jina la ugonjwa huo aliliona ubaoni. Kijana atajifungia ndani zaidi, na familia itapoteza imani na kila mtu anayezungumzia afya ya akili. Hilo ndilo linalopotea pale mafunzo yanapochaguliwa kwa ajili ya posho au cheti.

Ama suala la kufungwa, lisichukuliwe kuwa ni dogo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa ndani katika nchi zipatazo 60. Wengi wanaofanya hivyo ni jamaa wenye mapenzi ambao hawakuwahi kuoneshwa njia nyengine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, nao unawalinda pia watu wenye ulemavu utokanao na maradhi ya akili ya muda mrefu. Mafunzo yasiyogusa haki za mgonjwa yana upungufu mkubwa, hata kama mengine yote ni mazuri.

3. AINA ZA MAFUNZO ZINAZOPATIKANA ZAIDI

(a) Mkutano wa uelewa. Huu ni wa saa chache, na aghalabu hufanyika wakati wa Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 10 Oktoba tangu mwaka 1992. Unafaa kwa kufungua mjadala katika jamii. Haumtoshi mtu anayetarajiwa kuwasaidia wengine, kwa sababu hauna mazoezi.

(b) Huduma ya kwanza ya afya ya akili. Mafunzo haya yalianzishwa nchini Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener, mkufunzi wa afya, pamoja na Anthony Jorm, mtafiti, na yameenea katika nchi nyingi. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi mbili. Mshiriki hufundishwa kumkabili mtu kwa busara na kutazama kama pana hatari, kumsikiliza bila ya kumhukumu, kumpa maelezo na matumaini, kumhimiza aende kwa mtaalamu, na kumhimiza atafute msaada mwengine kama vile wa jamaa na marafiki. Tafiti zimeonesha kwamba washiriki huongeza maarifa na huwa tayari zaidi kusaidia. Faida kwa yule anayesaidiwa haijathibitishwa kwa kiwango hicho. Kwa hiyo mwalimu mkweli hatowaahidi washiriki kwamba wataponya watu.

(c) Huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Aina hii hutumika baada ya maafa. Mwongozo wake unaotumika sana ulitolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na War Trauma Foundation na World Vision. Misingi yake ni mitatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Msaidizi huangalia usalama na mahitaji ya haraka, husikiliza bila ya kumlazimisha mtu kusimulia, na humuunganisha na jamaa zake na huduma. Visiwa hivi vinaifahamu haja ya kazi hiyo. Mwezi Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mwezi Julai 2012 ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitokea Dar es Salaam. Katika misiba ya namna hiyo, walionusurika na wanaosubiri maiti ufukweni huhitaji maji, nguo kavu, taarifa za kweli na mtu wa kukaa nao. Kumshika mtu siku hiyo hiyo na kumtaka asimulie kila alichokiona si msaada, na mwongozo uliotajwa unakataza kumshurutisha.

(d) Mafunzo ya wahudumu wa afya. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuziba pengo la huduma ya afya ya akili, na mwaka 2010 likatoa mwongozo kwa wahudumu wasio mabingwa. Haya ni kwa madaktari, wauguzi na watabibu wa vituo. Mwananchi wa kawaida akialikwa kwenye mafunzo ya namna hii, aulize vyema iwapo hakuna makosa.

(e) Mafunzo ya kujisomea kwa kompyuta au simu. Mfano mmoja ni mafunzo ya QualityRights ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hayana malipo, yanahusu haki za watu wenye maradhi ya akili, na humpatia cheti anayeyamaliza. Yanafaa kwa mtu mwenye nidhamu ya kujisomea na anayeimudu lugha yanamotolewa. Upungufu wa kujisomea ni kwamba mtu hafanyi mazoezi ya kuzungumza na mwenzake.

4. MWENYE KUGHARAMIA NA MASHARTI YAKE

Mafunzo yasiyo na ada kwa mshiriki yana gharama zake, ila amezibeba mtu mwengine. Anaweza kuwa ni Serikali, shirika la kimataifa, jumuiya ya hiari, mwajiri au chuo. Ni haki ya mshiriki kujua ni nani, na kwa sharti gani. Yapo mafunzo ambayo ada husamehewa kwa anayemaliza, na anayeacha katikati hutakiwa kulipa. Yapo yanayotaka mshiriki afanye kazi ya kujitolea kwa muda maalumu baada ya kuhitimu. Yapo pia yanayotolewa na wenye bidhaa au makaazi ya kulipia, ambapo mshiriki hutarajiwa kuwaletea wateja. Sharti la aina hii ya mwisho lisikubaliwe.

Jambo la kutazamwa kwa makini zaidi ni picha na majina. Mfadhili huhitaji taarifa ya kazi yake, lakini hana haki ya kutaka mshiriki alete picha, majina au habari za wagonjwa wa shehia yake.

Kuhusu nauli na posho, si aibu kuuliza. Mama anayeacha biashara yake siku mbili anahitaji kujua kama nauli ya kutoka Micheweni hadi Chake Chake italipwa. Aibu ni pale mtu anapochukua nafasi kwa ajili ya posho na kuondoka baada ya kusaini mahudhurio, ilhali nafasi ni chache na aliyeihitaji amebaki kijijini.

5. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUJIANDIKISHA

Kwanza, mafunzo ni ya nani? Mwalimu wa skuli, mwalimu wa chuo cha Kurani, askari na mama wa nyumbani hawakabiliwi na hali zile zile. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kiasi cha nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kufikia umri wa miaka 18. Kwa hiyo anayefanya kazi na watoto achague mafunzo yanayozungumzia watoto.

Pili, mwalimu ni nani? Aulizwe amesomea wapi, na kama amewahi kuwahudumia wagonjwa.

Tatu, je, wamo waliowahi kuugua wanaoshiriki kufundisha? Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa ilieleza mwaka 2022 kwamba kukutana na kuzungumza na watu wenye uzoefu wa maradhi ya akili ndiyo njia yenye ushahidi bora wa kupunguza unyanyapaa. Hotuba peke yake haifikii kiwango hicho.

Nne, lugha ni ipi? Hapa haitoshi kuambiwa kwamba ni Kiswahili. Mwalimu mzuri hutofautisha huzuni ya msiba na sonona, ambayo hudumu kwa wiki mbili au zaidi na kumzuia mtu na shughuli zake. Pia huanzia pale watu wanapoanzia. Wengi wa visiwani hawatosema "nina sonona". Watasema wana mawazo mengi, moyo unakwenda mbio, au mwili hauna nguvu. Nchini Zimbabwe hali hiyo huitwa kwa Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na kwa neno hilo la wananyumba Daktari Dixon Chibanda alijenga mwaka 2006 huduma ya Benchi la Urafiki, ambapo bibi waliofundishwa huwasikiliza watu kwenye benchi karibu na kituo cha afya. Utafiti wa watu 573 mjini Harare, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao baada ya miezi sita.

Tano, mazoezi yapo? Angalau nusu ya muda itumike katika kuigiza mazungumzo, kuuliza na kusahihishwa.

Sita, yanaeleza mahali pa kumpeleka mgonjwa hapa hapa? Somo lililoandikwa kwa ajili ya nchi nyengine hutaja namba za simu na taasisi ambazo hazipo hapa. Mshiriki anapaswa kutoka akijua njia kutoka kituo cha afya cha karibu hadi Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Kidongo Chekundu, pamoja na nyumba za upataji nafuu kwa walioathirika na dawa za kulevya.

Saba, cheti ni cha aina gani? Kipo cheti cha kuhudhuria na kipo cha kufaulu mtihani. Chochote kati ya hivyo si leseni.

6. DALILI ZA MAFUNZO YASIYOFAA

Mwananchi ajihadhari na mafunzo yanayoahidi kumfanya mtaalamu kwa siku tatu. Yanayodai kwamba maradhi yote ya akili yana sababu moja na dawa moja. Yanayowataka washiriki wamshawishi mgonjwa aache dawa za hospitali. Au yanayomsimamisha mgonjwa mbele ya watu bila ya ridhaa yake. Ajihadhari pia na mwalimu anayewadharau waganga na viongozi wa dini. Familia nyingi huanzia kwao, na mgonjwa hufika hospitali mapema zaidi pale pande hizo zinapoheshimiana.

Kipimo chepesi ni kumwuliza mwalimu kuhusu kifafa. Akijibu kwamba ni pepo au ni wazimu, mwombaji atafute mafunzo mengine. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa kuambukiza, na hadi asilimia 70 ya wenye nacho wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakipata matibabu sahihi.

7. MFANO WA UCHAGUZI

Shehia ya yule kijana mvuvi inapokea mialiko mitatu. Wa kwanza ni mkutano wa nusu siku mjini, wenye posho nzuri. Wa pili ni huduma ya kwanza ya afya ya akili kwa siku mbili, hauna posho ila nauli na chakula. Wa tatu ni kujisomea kwa simu kwa muda wa wiki sita. Walioomba ni watatu: karani kijana mwenye simu nzuri, mwalimu wa skuli, na mama mmoja mkunga wa jadi ambaye nyumba zote humfungulia mlango.

Wengi wangempeleka karani kwenye mafunzo ya siku mbili kwa sababu amesoma. Lakini swali lililo muhimu ni: mama wa yule kijana atamwendea nani usiku wa manane? Atamwendea mkunga. Basi nafasi ya siku mbili ni ya mkunga, mradi mafunzo yanatolewa kwa Kiswahili na hayahitaji kuandika sana. Mwalimu aende mkutanoni na kuleta habari skulini, kisha aombe nafasi ya awamu ijayo. Karani ajisomee kwa simu, na awasomee wenzake yale ya haki za wagonjwa. Kwa mpango huo shehia imepata watu watatu wanaojua kiasi, na mmoja anayeaminika, wala hapana nafasi iliyopotea.

8. BAADA YA MAFUNZO

Mshiriki ajitambulishe kituo cha afya cha karibu ili wahudumu wamjue. Atunze siri za watu kama amana, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, ambapo atawaambia wale tu wanaoweza kuokoa. Asibebe mzigo peke yake. Naye akilemewa atafute wa kumsikiliza. Na baada ya mwaka mmoja arejee masomo, kwa kuwa ujuzi usiotumika husahaulika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo matatu ambayo mwenye cheti cha mafunzo ya awali haruhusiwi kuyafanya.
2. Kuna tofauti gani baina ya huduma ya kwanza ya afya ya akili na huduma ya kwanza ya kisaikolojia?
3. Mtu akisema "ningekuwa sipo mngepumzika", msikilizaji afanye nini kwanza, na asifanye nini?
4. Katika shehia yako, ni nani anayeendewa usiku wa manane? Je, amewahi kualikwa kwenye mafunzo?

Mwananchi mwenye shaka juu ya mafunzo yoyote aliyoalikwa anashauriwa kuuliza katika kituo cha afya kilicho karibu naye kabla ya kujiandikisha. Mwenye jamaa anayeumwa asisubiri mafunzo, ampeleke leo.